Mlima Uliokuwa Ndani ya Saluni

Mdogo wangu alivunjwa taya siku ya Jumapili mchana, ndani ya saluni yangu pale Buhongwa, kwa kosa la kumuua mtu kwenye mlima ambao haupo. Nimeieleza habari hii polisi, nimeieleza kanisani, nimemweleza mama yetu kwenye simu huku analia, na kila mara naishia katikati kwa sababu anayenisikiliza anadhani namletea masihara. Safari hii nitafika mwisho. Asiyeamini, shauri yake.

Mlima aliuleta mwenyewe. Alimaliza chuo, ajira hakuna, akaja kukaa kwangu na begi la nguo na mfuko mdogo wa dadu. Hazikuwa dadu za kuchezea ludo. Moja ilikuwa na pande ishirini, inabingirika mezani muda mrefu kabla ya kutulia, na nilipoiona mara ya kwanza nikadhani ni kitu cha mganga. Kumbe kule chuoni walikuwa na kikundi cha kusimuliana. Mmoja anatunga mahali na mabaya yaliyomo, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya mahali hapo, na ukitaka kufanya jambo la hatari, kupigana, kuruka, kukimbia, unarusha dadu. Namba kubwa, umefanikiwa. Namba ndogo, umeumia au umekufa. Nilimwambia huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Akasema ndiyo, mimi si sina kazi. 

Mlima wenyewe aliuweka ziwani, huko nyuma ya visiwa vya mwisho. Ulikuwa wa mawe, mawe haya haya yetu ya Mwanza yaliyopandana, ila haya yalipandana mpaka yakaingia mawinguni. Katikati ya mawe mawili kulikuwa na upenyo wa kupita mtu mmoja kwa ubavu. Ukishaingia, unashuka. Ngazi, milango ya chuma, kumbi zenye maji meusi, mashimo yenye sauti. Nani aliuchimba hakuna aliyejua, na tulipomuuliza alisema mlima ulikuwa hapo kabla ziwa halijaja. Mpaka leo sijui kama alikuwa na jibu au alikuwa anatupiga chenga.

Tulicheza Jumapili baada ya ibada, saluni ikiwa imefungwa. Nilikuwa navuta pazia, nasukuma mashine za kukaushia nywele ukutani, tunakaa kuzunguka meza ndogo ya kupakia rangi za kucha. Tulikuwa wanne. Mdogo wangu ndiye mwenye mlima. Mimi nilikuwa mpiganaji wa mashoka mawili. Wa tatu alikuwa jirani yangu mwenye bucha, mtu mwenye mikono mizito ambaye wiki nzima unamsikia anapasua mifupa ng'ambo ya ukuta wangu. Yeye alikataa katakata kushika silaha, akachagua kuwa mganga wa kutibu wenzake. "Dogo, mimi wiki nzima nachinja," alimwambia mdogo wangu. "Jumapili niache niponye."

Wa nne alikuwa muuza mchele. Anautoa Magu, anauza sokoni Mkuyuni, na alikuwa amepanga kwangu, chumba cha nyuma ya saluni. Mjane, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, si msemaji. Siku ya kwanza alitukuta tunacheza akiwa amekuja kuniuliza habari ya maji. Alisimama mlangoni muda, mkono kiunoni, halafu akauliza swali moja. "Humo ndani ya mlima, mtu akipiga yowe, wenzake wanasikia?"

Mdogo wangu akamjibu kwamba inategemea yuko mbali kiasi gani, na hata wakisikia, dadu ndizo zinazosema kama watafika. Yule mama akavuta stuli, akakaa. Maji hakuyauliza tena.

Nitasema ukweli, tulikuwa wakatili mle ndani. Watu wazima, wengine tumetoka kushiriki meza ya Bwana asubuhi ile ile, tukishashuka ngazi za mlima ule tunakuwa watu wengine. Kulikuwa na ukumbi mmoja wa walinzi wasio na ngozi, wamesimama kwenye mstari, misuli nje, macho hayana kope. Nilirusha dadu ikatoa ishirini, na mdogo wangu akaniachia niseme mwenyewe nimefanya nini. Nikasema wa kwanza nimempiga begani mpaka shoka likakwama kifuani, nikaliacha humo humo, wa pili nikamkamata kichwa nikakigonga ukutani mpaka ukuta ukalowa. Wa tatu alipiga magoti na sikumwacha.

Mwenye bucha akaniangalia. "Dada, unamfikiria nani?"

Nilikuwa namfikiria mtu, tena yu hai, ana mke mwingine Shinyanga. Nikaomba zamu nyingine.

Muuza mchele hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na mkuki na mbwa, na aliua haraka haraka ili apite. Tukikaa kugawana vitu vya waliokufa, yeye anatuhimiza tushuke. Sababu nilianza kuielewa Jumapili moja, mdogo wangu alipoweka sauti mle mlimani. Alituambia tumefika kwenye kisima kikavu, tumetega masikio, na kutoka chini kabisa ya mlima tunamsikia mwanamume anaita. Hataji jina la mtu. Anaita watu, wowote, waje. Baadaye mdogo wangu alinieleza kwamba ile ilikuwa chambo tu, ya kutufanya tusichoke kushuka. Alikuwa hajafikiria hata huyo mwanamume ni nani.

Muuza mchele alikuwa ameshafikiria. Tangu siku ile, kila tukianza, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo. "Bado anaita?"

"Bado anaita," anasema mdogo wangu.

"Haya, twende."

Habari yake alinipa Jumamosi moja nikiwa namsuka. Kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, mtu husema mambo ambayo padri hayapati. Kwao, huko ndani ya Magu, kuna yowe la kuitana, sisi Wasukuma tunaliita mwano. Ukilisikia, unatoka. Huulizi, huvai vizuri, unashika kilicho karibu na unakimbilia linakotokea. Asiyetoka anahesabiwa yuko upande wa wezi. Sasa mume wake, kijijini, aliwahi kutoka na wenzake wakampiga mtu mpaka akafa, na kesho yake ikajulikana marehemu alikuwa mgeni tu, amekuja kuulizia nyumba ya shangazi yake. Mume yule akasema basi, yeye hatatoka tena kumpiga mtu ambaye hajui kosa lake. Yowe la pili likapigwa, akalala. La tatu, akalala. Kijiji kikawatenga. Asiwachotee mtu maji, asiwape moto, asiwasalimie, na wakiita, asitoke mtu.

Halafu wezi wa ng'ombe wakaja kwao. Walimkata mume wake zizini. Mke alitoka nje akapiga mwano, na nyumba za jirani alikuwa anaziona pale, taa zinawaka, halafu taa zikazimwa moja moja. Alipiga mpaka sauti ikakauka. Mume naye alikuwa anaita, na kuita kwake kulichukua muda mrefu.

"Hakuna aliyekuja, dada," aliniambia. "Hata wa kuangalia tu."

Nilimaliza kumsuka nikiwa nimeng'ata midomo. Jioni ile nikamkalia mdogo wangu kooni. Nikamwambia yule mwanamume wa chini ya mlima namtaka hai. Sijali umemtunga vipi, sijali kuna mnyama gani, huyu mama akifika mlangoni akute mtu anapumua, amfungue minyororo, tupande juu, mchezo uishe, nipike pilau.

Akakataa. Mdogo wangu ni mpole lakini ana kichwa kigumu cha upande wa baba yetu. Akasema akianza kudanganya dadu, hakuna kitakachokuwa na maana, hata huko kumwokoa kutakuwa uongo na yule mama atajua. "Ataokolewa kama dadu zikikubali," akasema. "Zikikubali, itakuwa kweli ameokolewa."

"Na zikikataa?"

Akaanza kuzirudisha dadu mfukoni. Nilimwambia yeye ni mtoto na hajafiwa na mtu, nikaenda kulala na hasira zangu.

Jumapili yenyewe jua lilikuwa kali, bati linalia. Pembeni yetu kulikuwa na ghorofa linajengwa, mafundi hawana Jumapili wale, na kijiweni bodaboda walikuwa wamejaa. Ndani ya saluni tulikuwa tumefika chini kabisa. Mdogo wangu siku hiyo alikuwa amejipamba. Alijifunga nailoni yangu nyeusi ya kuwavalisha wateja, akavaa glovu zangu za kupakia rangi, zile zenye madoa mekundu mpaka kwenye viwiko, ndiyo mikono ya mnyama wa mlima. Tulimcheka. Alifurahi kuchekwa.

Mapigano yalianza kwenye daraja la mifupa na yalikuwa mabaya. Mnyama alining'oa mkono wa kushoto pamoja na shoka lake. Mwenye bucha akataka kunitibu, akarusha dadu ikatoa mbili, damu yangu ikaendelea kumwagika mpaka nikapiga goti. Mbwa wa muuza mchele alipasuliwa katikati. Mdogo wangu alikuwa anasimulia kwa sauti ya chini inayokwaruza, anainua vile vidole vyekundu, na mimi niliyemlea nilisisimka. Kisha mnyama akatuacha, akageuka, akaanza kukimbilia kwenye mlango wa mwisho, kule inakotoka sauti.

Muuza mchele akasema, "Namkimbilia. Nampita."

"Lazima upate zaidi ya kumi," akasema mdogo wangu.

Aliishika dadu viganjani kwa muda, midomo inacheza. Akairusha. Ilizunguka mezani, ikagonga kichupa cha rangi ya kucha, ikatulia. Tatu.

Nilimkanyaga mdogo wangu mguu chini ya meza, nikamkazia macho. Alinielewa, najua alinielewa, kwa sababu alitazama pembeni. 

"Mnyama amefika kwanza," akasema.

"Bado anaita?" akauliza yule mama.

"Anaita. Amekuona. Uko nyuma ya nondo za mlango, mkono wako unapita lakini mwili haupiti. Mnyama amemshika shingo." Akainua glovu zile mbili, akazikutanisha taratibu. "Anaita kwa mara ya mwisho. Anakuita wewe." Akaishusha mikono. "Ameacha kuita."

Yule mama alisimama. Stuli ikaanguka. Akakaza mwili na akapiga mwano.

Sijui niueleze vipi kwa mtu ambaye hajausikia. Ni sauti moja ndefu, nyembamba, inapanda, na kabla haijashuka ya pili imeshatoka. Watu hujifunza kuipiga wakiwa watoto na wanaonywa wasiichezee. Nilikuwa sijaisikia tangu utoto kwa bibi, na miguu yangu ilinyanyuka yenyewe kabla kichwa hakijasema kitu. Mimi mwenyewe, niliyekuwa pale mezani na kujua hakuna lolote, nilishika mkasi.

Buhongwa ni mjini, ina lami na benki, lakini waulize watu wa mtaa wetu wametoka wapi. Magu, Kwimba, Misungwi, Bariadi. Pazia lilikatika kwanza. Akaingia fundi wa ghorofani na kipande cha nondo, nyuma yake bodaboda wawili, mmoja ana helmeti mkononi ameikamata kwa mkanda. Akaingia kijana wa kwaya bado amevaa tai, ana jembe bila mpini. Akaingia yule mama wa mkaa wa kona, mwenye mguu mbovu, na mchi wa kinu. Na nje nilikuwa nasikia wengine, miguu, vyuma, mbwa, watu wanaitana. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

"Yuko wapi?" akauliza fundi.

Muuza mchele alikuwa anawatazama. Aliwatazama mmoja mmoja, na silaha zao. Kisha akanyoosha kidole.

"Huyu. Ameniulia mume."

Wote wakageuka, wakamwona kijana amejifunga nailoni nyeusi, mikono myekundu mpaka viwikoni. Na mdogo wangu akacheka. Ndivyo alivyo tangu mdogo, akiogopa anacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomponza.

Nondo ilimpata kwenye mkono aliouinua, na mfupa ulitoa mlio ambao mwenye bucha aliniambia baadaye anaujua kuliko sala zake. Alianguka na kioo changu kikubwa, vipande vikamwagika juu yake. Helmeti ikamshukia kichwani mara mbili. Wakaanza kumkanyaga kwenye vile vioo, na kila akitaka kusema ni mchezo, mtu anampiga teke la mdomo. Mchi wa yule mama wa mkaa ulikuja kwa ubavu, taratibu kabisa, mwanamke anayejua kutwanga, ukamkuta kwenye taya. Baada ya hapo hakusema tena. Kilichotoka kilikuwa damu na mlio.

"Mshike miguu asitoroke," mtu alisema. Mwingine kutoka nje akauliza, "Petroli iko kwa nani?" Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi. Na kwenye dirisha nikaona simu zimeinuliwa, watu wanarekodi.

Mimi nilikuwa napigana. Nilikuwa na birika la maji ya moto ya kuoshea wateja, nikammwagia wa bodaboda mgongoni. Nilimng'ata fundi sikio mpaka meno yakakutana. Alama anayo hadi leo, na akinisalimia ninaitikia. Kijana wa kwaya nilimtoboa paja na mkasi. Nilikuwa na nguvu zote za yule mpiganaji wangu wa mashoka na hazikufaa kitu, kwa sababu kila niliyemtoa watu wawili walipita pale pale. Mwenye bucha ndiye aliyekuwa na akili. Hakumpiga mtu. Alijilaza juu ya mdogo wangu, mwili wote ule mzito, akamfunika, na wakampiga yeye mgongoni na makalioni na kwenye mbavu, na alikuwa anasema tu, "Jamani, ni mimi. Ni mimi wa nyama. Jamani."

Ndipo nikakumbuka. Mwano hauzimwi na kelele za ndugu wa mtuhumiwa, ndugu lazima atetee. Unazimwa na aliyeupiga.

Alikuwa bado amesimama pale kwenye meza. Mikono imelegea, mdomo wazi kidogo, anawaangalia watu. Hakuwa anamwangalia mdogo wangu hata kidogo. Nilimkamata rasta zile nilizomsuka kwa vidole vyangu, nikamgonga kichwa kwenye fremu ya mlango. "Waambie," nikamwambia. Nikamgonga tena. "Waambie si yeye." Akasema kitu kwa sauti ndogo, hakuna aliyesikia. Nikampiga kofi la mdomo kwa mkono uliokuwa na damu, sijui ya nani. "Kwa sauti ile ile uliyowaita."

Akavuta pumzi. "Mwacheni," akasema, na safari hii ilitoka. "Mwacheni. Si yeye."

Waliacha. Kwanza waliokuwa karibu, halafu wa nyuma, na wa nje waliendelea kuulizana kuna nini. Yule mama wa mkaa aliegemea mchi wake, anahema.

"Sasa ni nani?" akauliza.

 Walisubiri kidogo, wakaanza kutoka, wengine wananipisha nipite kana kwamba saluni ni ya kwao. Yule aliyeuliza petroli alinisaidia kumbeba mdogo wangu mpaka kwenye bajaji. Alimshika kichwa vizuri sana, asiumie.

Hospitali walimfunga taya kwa waya, mkono wakauwekea chuma. Mwenye bucha alikojoa damu, kisha akapona, akarudi kupasua mifupa. Polisi walikuja mtaani wakauliza nani alipiga, na hakuna aliyekuwepo. Mtaa mzima ulikuwa kanisani siku hiyo. Hata wenye video zao walikuwa kanisani.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao, maana kupiga yowe la uongo ni kosa kubwa kuliko kuvunja taya, kwa watu wetu. Muuza mchele akasimamishwa mbele. Wakamuuliza aliyeuawa ni nani. Akasema mume wangu. Aliuawa wapi. Magu. Lini. Akataja, na ni miaka mingi iliyopita. Wakamuuliza siku hiyo watu walifanya nini. Akasema walizima taa. Kikao kizima kikainama. Watu wazima, wanaume waliompiga mdogo wangu kwa nondo, wakaanza kupangusa macho. Mama wa mkaa alilia kwa sauti. Wakasema asamehewe, ila amhudumie mgonjwa mpaka apone. Mimi nilisimama nikawauliza na huyu wangu nani atamlilia, wakaniambia nikae chini.

Basi akawa analeta uji wa mchele, kila asubuhi, mwepesi, wa kunywa kwa mrija. Nilimwambia mdogo wangu asiuguse. Akaunywa. Nilimpokonya kikombe siku moja, akaniangalia mpaka nikamrudishia. Yule mama hakuwa anaingia ndani, alikuwa anauacha kizingitini, anagonga, anaondoka. Nilikuwa naulizwa kila mahali kwa nini sijamfukuza kwenye kile chumba, na sababu ilikuwa kwamba kuna neno moja nilikuwa nalitaka kwake kwanza.

Nikamvizia. Alipoinama kuweka chupa ya uji, nikafungua mlango. Alama ya fremu ilikuwa bado usoni kwake, juu ya jicho. Nikamwambia sitaki habari za Magu, habari za Magu nazijua. Nataka uniambie mimi. Ulimjua ni mdogo wangu niliyemlea, umekula naye, umecheka naye. Ulijua ni mchezo. Mwano sawa, ulikutoka. Kwa nini ulimwonyesha kidole?

 Nilidhani atalia na nilikuwa nimejiandaa kumfukuza akilia.

"Dada, mimi sijawahi kuona watu wanakuja," akasema. "Walikuja. Walikuja wote, mpaka yule mama na mguu wake. Wameacha kazi zao, wameshika vitu, wamesimama mbele yangu, wananiuliza yuko wapi." Akainua macho. "Ningewaambia hakuna mtu?"

Mkono niliuinua kabisa. Hakuukwepa. Alikuwa ananiangalia usoni, anasubiri nimjibu.